Kadi za Salamu Zatengenezwa Kambini kwa Wembe na Kandambili

Mgeni akiingia Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kambi yetu moja iliyo nje ya Kampala, aweza kudhani kwamba amekosea njia na kuingia katika karakana ya fundi viatu. Mezani ataona kandambili zilizochakaa, nyembe, rula za chuma, nyundo, misumeno midogo na mikebe ya wino. Waliozunguka meza hizo ni askari wa vyeo vya chini, wake zao, na koplo mmoja wa polisi aliyealikwa kutoka kituo jirani. Hawashoni viatu. Wanatengeneza kadi za salamu: za Krismasi, za Idi, za arusi, za pole, na zile za kumwambia mzazi kijijini kwamba mwanawe hajambo.

Hatuna budi kukiri kwamba mwanzoni tuliitazama kazi hiyo kwa jicho la dharau. Ofisi yetu ya uhusiano ilipotakiwa kuisimamia, tulidhani ni mchezo wa watoto wa chekechea uliopotea njia ukaangukia jeshini. Leo twaiandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ustadi wenyewe wastahili kujulikana katika kambi na vituo vingine, maana hauhitaji fedha nyingi. Ya pili ni kwamba tulifanya kosa, tena kosa lisilo dogo, nalo limetufunza juu ya familia za askari jambo ambalo hatukulisikia hata siku moja katika chuo cha makadeti.

Yupo atakayeuliza: kwa nini kadi, na hali kila askari ana simu mfukoni? Swali hilo ni la haki. Lakini mwenye kuuliza ajiulize pia ni simu ngapi za mwaka uliopita anazozikumbuka neno kwa neno. Simu ikikatwa, maneno yamekwisha. Tena ziko zamu na safari za kazi ambazo simu huachwa ofisini kwa amri, na hapo siku hupita bila sauti. Tumeona katika masanduku ya wake wa askari, chini kabisa, penye cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto, kadi ya salamu iliyotumwa kutoka Mogadishu miaka mingi iliyopita, kona zake zimelainika kwa kushikwa. Majeshi yetu yalianza kupelekwa Somalia Machi 1, 2007, basi kadi za namna hiyo si chache.

Jambo hili si geni katika historia ya majeshi. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa madukani ilichapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Bwana Henry Cole, na mchoraji wake alikuwa John Callcott Horsley. Zilitolewa nakala zipatazo 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono, na kila moja ikauzwa kwa shilingi moja, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa siku zile asingeimudu kwa mchezo. Kwa njia, kadi hiyo ililaumiwa na wacha Mungu, kwa kuwa katika picha yake mtoto mdogo anaonekana akinyweshwa divai.

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ndiyo iliyoipeleka kadi mikononi mwa askari. Huko Ufaransa na Ubelgiji wanawake walitarizi hariri kwa nyuzi za rangi majumbani mwao, maua, bendera na alama za vikosi, wakiirudia nakshi moja mara nyingi juu ya kitambaa kirefu. Kisha kitambaa kilikatwa vipande na kugandishwa juu ya karatasi ngumu. Askari walizinunua kadi hizo kwa wingi wa ajabu na kuwapelekea mama zao na wachumba wao. Nyingine zilikuwa na mfuko mdogo wa hariri, na ndani yake kikadi kidogo zaidi cha kuandikia salamu.

Jeshi la Uingereza lilikuwa pia na kadi yake rasmi ya uwanja wa vita, na ukali wake wafaa kukumbukwa. Ilikuwa imechapwa sentensi tayari: moja ya kusema mimi ni mzima, nyingine ya kusema nimelazwa hospitali, nyingine ya kusema nimepokea barua yako. Askari alipaswa kuzikata kwa kalamu zile zisizomhusu, kisha kutia sahihi na tarehe. Akiongeza neno moja la kwake, kadi ilichanwa. Kwa upande wa usalama, amri ile ilikuwa na maana. Kwa upande wa mke aliyeipokea, haikuwa na mkono wa mumewe ila katika mistari aliyoikata. Wazee wetu wa Kikosi cha 4 cha King's African Rifles, kilichokuwa kikosi cha Uganda, walipopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, barua zao nazo zilisomwa na wakaguzi kabla ya kusafiri. Askari wa leo akiambiwa asiandike jina la kituo chake katika kadi, asidhani kwamba ameonewa peke yake.

WEMBE NA KANDAMBILI

Anayefundisha kambini kwetu ni mke wa sajini mmoja, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuolewa, na kambi nzima humwita Mwalimu. Hata meja akipita humwamkia kwa jina hilo. Hana haraka. Somo lake la kwanza huchukua saa mbili nzima, nalo ni la kukunja karatasi tu.

Karatasi itumikayo ni manila, ile ile ya shuleni. Ukubwa wa kawaida, A4, una milimita 210 kwa 297. Hukatwa katikati ikatoa vipande viwili, na kila kipande kikikunjwa mara moja hutoa kadi ya milimita 105 kwa 148, iingiayo katika bahasha ndogo bila kusukumwa. Lakini karatasi ina nyuzi zake kama ubao ulivyo na nyuzi. Ukiikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo hunyooka. Ukiikunja kwa kuzikata, hupasuka na kutoa manyoya. Mwalimu huwaagiza wanafunzi waipinde karatasi kidogo bila kuivunja, kwanza upande mmoja kisha wa pili: upande unaokubali kwa wepesi ndio wa kukunjia. Kisha hupitishwa kalamu ya wino iliyokwisha wino, kando ya rula, ili kufanya mfereji mwembamba, na hapo ndipo karatasi hukunjwa. Tumewaona makuruta wenye mikono ya kubeba mizinga wakishindwa kazi hii mara tatu, nne, na kutokwa na jasho.

Somo la pili ni mhuri. Mihuri ya mpira haina umri mkubwa sana duniani. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 namna ya kuuimarisha mpira kwa salfa na moto, na katika miaka ya 1860 mihuri ya mpira ikaanza kutengenezwa nchini kwake. Mwenye fedha anaweza kwenda Barabara ya Nasser mjini Kampala, mtaa wa wachapaji, akachongewa mhuri autakao. Mwalimu hataki. Yeye hutumia soli ya kandambili kwa picha kubwa, kama jani la mgomba au kengele, na ufutio wa shuleni kwa picha ndogo zenye mistari myembamba.

Picha huchorwa kwanza kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya mpira, ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko, na mchoro huhamia mpirani ukiwa umegeuka kushoto kulia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa maana ukipiga mhuri utageuka tena na kusimama sawasawa. Asiyefuata njia hii akachora moja kwa moja juu ya mpira huandika IDI NJEMA ikasomeka kama maandishi ya kwenye kioo. Tunamjua luteni mmoja aliyeyaona hayo, na hatutamtaja kwa sababu ndiye mwandishi wa makala haya.

Kuchonga kwenyewe kuna siri mbili. Wembe huelekezwa nje, ili kila mstari uwe mpana chini na mwembamba juu, kama tuta la shambani. Ukichimba kwa ndani, mstari utalegea na kuvunjika baada ya kupigwa mara chache. Siri ya pili ni kwamba katika kupinda kona, wembe hutulia na mpira ndio unaozungushwa. Kisha mpira hugandishwa juu ya kibao ili mkono upate pa kushika. Wakati wa kupiga, mhuri hushushwa wima na kuinuliwa wima. Asiyejizuia huutikisa kama anayebembeleza mtoto, na picha hutoka na vivuli viwili.

Wino nao ni elimu. Wino wa maji utumikao katika mihuri ya ofisi hunywewa na karatasi, hukauka upesi, lakini hupauka juani, na mara nyingi hutawanyika ukipata maji. Kadi iliyowekwa katika mfuko wa shati la kombati siku ya mvua hufika ikiwa ziwa la zambarau. Wino mzito wa rangi ya unga hukaa juu ya karatasi, hukawia kukauka, lakini hudumu miaka. Koplo wa polisi aliuliza kama angeweza kutumia wino wa alama za vidole wa kituoni. Mwalimu alimjibu kwamba wino ule ni mzito wa mafuta, utabaki ukinata na kuchafua bahasha. Nasi tukaongeza kwamba wino ule pia ni mali ya serikali. Hata hivyo swali lake lilizaa jambo jema. Sasa watoto wa kambini hubonyeza dole gumba katika wino wa kawaida, wakalipiga juu ya kadi, kisha wakalichorea mdomo na miguu likawa kifaranga. Baba aliye mbali hupokea dole la mwanawe lenyewe, na mwaka ukipita huweza kupima limekua kiasi gani.

Somo la tatu, ambalo vijana hulipenda kuliko yote, ni la vikatio vya maumbo: nyota, mwezi, ndege au ua, vinavyokatwa kwa pigo moja vikafanana vyote. Twaambiwa na historia kwamba ufundi huu ulikua katikati ya karne ya kumi na tisa katika viwanda vya viatu, ambako soli zilikatwa kwa vyuma vyenye umbo la mguu. Kwa hiyo buti la askari na kadi ya maua ni ndugu wa tumbo moja. Madukani viko vikatio tayari na mashine zake ndogo za kukandamiza, ila bei yake si ya mshahara wa kuruta. Fundi mmoja wa karakana yetu ya magari alifikiri njia yake. Alichukua ukanda wa chuma wa kufungia masanduku, akaunoa upande mmoja kwa tupa, akaupinda kwa koleo ukawa nyota, na kuupachika katika ubao alioukata kwa msumeno mwembamba. Pande zote za chuma alizungusha vipande vya kandambili. Tulimwuliza vya nini. Akasema, "Afande, bila hivi karatasi hukwama ndani ya makali. Mpira hunywea ukigandamizwa, kisha huitema." Baadaye tulikuja kujua kwamba wachapaji wa mijini hufanya vivyo hivyo, na kijana yule hakufundishwa na yeyote. Kikatio chake hukiweka juu ya karatasi na ubao laini, na badala ya nyundo hukandamiza kwa jeki ya gari. Nyota hutoka safi, kumi kwa dakika chache.

BAHASHA YA KAKI

Sasa tufike katika kosa letu.

Siku moja tuliona kwamba kadi zinapendeza lakini hazina sura ya nchi. Tukanunua sokoni kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda wameitengeneza tangu zamani. Gome hubanduliwa, huchemshwa, na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka likawa pana na laini, lenye rangi ya udongo mwekundu. Na mti, ukifungwa kwa majani ya mgomba, huota gome jingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaandikwa katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Tulijisifu kwa wazo hilo. Tulikata vipande vidogo, tukavigawa, na kuwaambia vijana wavigandishe mbele ya kadi zao na kupiga ua juu yake. Mwalimu, ambaye ni mwenyeji wa kaskazini, alisita kidogo na kuuliza kama desturi inaruhusu. Tulimjibu kwamba hiki ni kitambaa cha wafalme. Hilo ni kweli, kwa kuwa wafalme wa Buganda walikivaa. Lakini lubugo ndilo pia ambalo Waganda huwafungia wafu wao.

Askari mmoja kijana, mzaliwa wa upande wa Masaka, alikuwa amefaulu kozi yake ya kwanza. Alimtengenezea mamake kadi ya lubugo yenye ua jeupe, nayo ilikuwa nzuri kuliko zote za siku ile. Bahasha nyeupe zilikuwa zimekwisha. Tulimpa bahasha ya kaki ya ofisi, na kwa kuwa karani alikuwa na mhuri mkononi, aliipiga mhuri wa ofisi juu ya kifuniko chake, kama anavyofanya kwa kila bahasha. Mwenzake aliyekuwa akienda likizo aliichukua. Alipofika kijijini hakumkuta mama, naye alikuwa na haraka ya gari. Akaiacha dukani, akasema tu kwamba ni mzigo kutoka jeshini.

Mama yule alirudi shambani jioni. Hajui kusoma. Alipewa bahasha ya kaki yenye mhuri wa jeshi. Aliifungua, na cha kwanza alichokiona kilikuwa lubugo.

Hakuikunjua kadi. Kilio chake kilisikika ng'ambo ya migomba. Majirani walikuja, moto ukawashwa uani kama ilivyo ada ya matanga, na mzee mmoja wa ukoo alikwisha kuanza kuuliza ni nani atakayekwenda kuileta maiti. Mjukuu, msichana wa darasa la saba, alirudi kisimani akaiokota kadi chini, akaifungua na kuisoma kwa sauti. Ilisema kwamba mwana amefaulu, atakuja Krismasi, na mama asimuuze yule mbuzi mweusi.

Mtu angedhani kwamba mambo yaliishia hapo kwa kicheko. Sivyo. Walimpigia kijana simu. Lakini alikuwa kwenye lindo, na simu yake imezimwa kwa amri. Walipiga mara nyingi usiku kucha. Mama alisema neno ambalo mjukuu alitusimulia baadaye: kwamba barua inaweza kuandikwa na mtu, kisha mtu akafa kabla barua haijafika. Basi hakuzima moto. Alikaa kando yake mpaka asubuhi, na kijana alipowasha simu yake saa moja baada ya kubadilishana lindo, aliisikia sauti ya mamake ikimwamuru ataje jina la mbuzi.

Kijana alikuja ofisini kwetu siku ile ile. Alisimama imara na kupiga saluti.

"Afande, naomba kupelekwa kwa kamanda nikaombe ruhusa ya siku tatu."

"Una tatizo gani, kijana?"

"Mama yangu amenilia matanga, afande. Na mimi ni hai."

Kamanda alimpa ruhusa, nasi tukaomba kufuatana naye. Tumewahi kupeleka habari za msiba katika nyumba za watu; ni sehemu ya kazi yetu, na tunajua namna mlango unavyofunguliwa mtu mwenye sare akibisha. Hatukuwa tumewahi kwenda kuomba radhi kwa habari ya msiba ambao haukutokea. Tulipofika, mama alimshika mwanawe mabega, akamshika uso, akamshika mikono, kidole kimoja kimoja, bila kusema lolote. Sisi tulisimama penye migomba. Alipotukaribia, tulivua kofia na kusema, "Mama, kosa si la mwanao. Wazo la lubugo lilikuwa letu, na bahasha ilikuwa yetu."

Alitutazama kwa muda. "Mwanangu," alisema, "lubugo si kitu cha kuchezea. Lakini ua hili nani alilichonga?"

Kijana alisema ni yeye.

"Ni zuri. Liweke juu ya karatasi nyeupe."

Alikuwa amekwisha kubandua kile kipande cha lubugo taratibu, asiiharibu karatasi yenye maneno. Karatasi aliihifadhi. Lubugo alitukabidhi likiwa limefungwa katika jani la mgomba. Lingali katika mtoto wa meza yetu.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Tuliporudi tulikaa na Mwalimu. Hakutukumbusha swali lake la siku ile, jambo ambalo lilituaibisha zaidi. Tulichokiona ni hiki: kitu chochote kinachotoka jeshini au polisi kwenda nyumbani husomwa kwanza kwa woga, kabla hakijafunguliwa. Sisi tulio ndani tumeizoea bahasha ya kaki kama tulivyozoea chai ya asubuhi. Mzazi hakuizoea. Mwenye kutengeneza kadi hana budi kujiweka mlangoni kwa mpokeaji, na kuitazama bahasha kwa macho yake.

Kwa hiyo bahasha za ofisi na mhuri wa ofisi vimepigwa marufuku katika darasa letu. Jina la mwenye kutuma huandikwa nje, kwa mkono wake mwenyewe, na neno la kwanza nje ya kadi ni SIJAMBO, au neno la lugha ya nyumbani lenye maana hiyo. Ndani huandikwa siku na saa ambayo simu itakuwa imewashwa, ila mahali alipo mtu, jina la kikosi na siku ya safari haviandikwi kabisa. Lubugo latumika bado, kwa kadi za wale wanaoomba wenyewe na wanaojua litapokewa vipi.

Lakini badiliko lililotufurahisha zaidi lilitoka kwa kijana yule wa Masaka. Alisema kwamba mamake hawezi kusoma SIJAMBO. Akachonga mhuri wa jogoo mwenye mkia wa manyoya matatu, akampelekea mama nakala yake kwa mkono wake siku ya likizo, na wakapatana: kadi yenye jogoo huyo imetoka kwake, na jogoo akigeukia upande wa kulia basi kila kitu ni salama. Sasa kila mwanafunzi huchonga mhuri wake mwenyewe. Yupo mwenye kobe, yupo mwenye ngoma, na mke wa koplo mmoja amechonga sufuria, kwa sababu anazozijua yeye na mumewe. Mashine haiwezi kutoa alama ya namna hiyo, wala duka halina la kuuza.

Hapa yatupasa kutoa onyo moja, hasa kwa ndugu zetu wa polisi ambao hulielewa upesi. Aliyejifunza kuchonga jogoo anaweza kuchonga kitu kingine. Katika ule mtaa wa wachapaji tulioutaja, wamekwisha kukamatwa watu kwa kughushi mihuri na vyeti, na sheria ya nchi inalinda nembo ya taifa pamoja na mihuri ya serikali. Mwanafunzi mmoja, bila nia mbaya, alianza kuchonga korongo wa taifa na ngao, akitaka kumpendeza baba mkwe. Mwalimu aliuchukua ule mpira, akaukata vipande vinne mbele ya wote, kisha akampa mwingine mpya. Koplo wa polisi alicheka na kusema kwamba ameokolewa kuandika taarifa ndefu.

Kadi zinazobaki huuzwa siku za sherehe, na wajane wa askari walioko katika kikundi hugawana mapato kwanza. Si fedha nyingi. Mmoja wao hutengeneza kadi za pole peke yake, nyeupe, bila ua wala nyota, zenye mstari mmoja mwembamba wa kijivu. Tulipomwuliza kwa nini haongezi kitu, alisema kwamba alipopokea zake zilikuwa na maua mengi mno. Ofisi yetu sasa huchukua kadi zake tunapokwenda katika nyumba zile ambazo habari yake ni ya kweli.

Darasa hukutana Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, baada ya usafi wa kambi. Manila na wino vipo. Kila mtu aje na wembe wake, pamoja na kandambili moja iliyochakaa. Ya pili aweza kuiacha nyumbani kwa ajili ya mwezi ujao.